Ngombe Yenye Haifanane na ya Muntu

Nyamitaba, tarehe 9 ya mwezi wa pili

Mutesi mujukuu wangu,

Jambo. Mimi tate yako Libérata niko muzima, isipokuwa goti ya kushoto, ile inajua mvua mbele ya mawingu. Na wewe? Unakula? Kataliko muchuuzi aliniambia alikuona kule Walikale na shingo yako imekonda. Muntu yenye kufanya kazi ya kukaa ku kiti anakonda namna gani? Tangu Noeli hujaniandikia. Mimi nilisoma miaka mbili tu, kwa katekisimu, na kalamu ninaishika. Wewe na diplome yako, vidole vinauma?

Bandugu yako bako. Makuza iko na miaka kumi na saba, Gentil kumi na tano, na akili yao ukiichanganya haifike kumi. Sikia kitu balifanya.

Unamujua chef wa bariere ya hapa chini, pale askari banafunga njia. Kila asubuhi batoto banapita na bidon za maziwa, na kila asubuhi anaingiza kikombe yake ndani ya kila bidon, anakunywa, anapangusa mudomo na mukono. Juzi muchana alisinzia pale pale, kofia juu ya goti. Bapumbavu yako bakapaka chumvi ya ngombe ku kofia, bakamuachilia ngombe yetu Bihogo. Unamujua Bihogo na chumvi. Alikula kofia yote. Nyota ya chuma ya ile kofia alitema mbele kidogo, kama muntu anatema mbegu. Gentil aliiokota. Nimemunyanganya, nimeitupa mu choo.

Nilibapiga fimbo. Kisha nikaingia jikoni, nikafunga mulango, nikacheka mpaka nikakaa chini.

Sasa sicheki tena. Chef alifikiri kofia iliibwa na askari yake moja, kijana wa juzi juzi. Alimupiga, na sasa ule kijana anatembea na mukongojo. Kama ni vile anafanya muntu yake, atafanyaje ya kwangu? Hakuna muntu anajua, na hakuna atajua. Soma hii barua, kisha uichome.

Tate yako,
Libérata


Walikale, tarehe 1 ya mwezi wa tatu

Tate yangu mupenzi,

Nasalimia wewe, nasalimia goti, nasalimia ngombe zote. Mimi niko vizuri, ninakula, Kataliko anasema uongo juu ya shingo yangu.

Nilichoma barua yako. Lakini nilicheka sana mbele ya kuichoma, na sasa nitakuambia kazi yangu ya kweli, juu najua unafikiri niko nachapisha karatasi za bantu tu. Saa ya kazi ikiisha, mimi na bakamarade mbili tunafanya desen anime, filme ya picha za kuchorwa zenye kutembea. Mimi ninachora, Cindy anaweka rangi, Eugène anatia sauti zote, hata ya bamama. Inaitwa Ndobo na Bidon. Ni bandugu mbili bakorofi, kila siku banamusumbua tate yao. Unaweza kujua nilibatoa wapi. Tunaiweka ku karte ndogo ya telefone, Kataliko anatembeza. Bachimbaji ya Omate banamuuliza Ndobo na Bidon mbele ya kumuuliza chumvi.

Nimechora ile ya kofia. Usiogope, Tate. Nimebadilisha yote. Batoto bako na uso ingine na majina ingine. Nyumba iko na vigae. Chef nimemufanya mwembamba, bila ndevu. Wewe mwenyewe nimekupa miwani na kukunenepesha. Mama yangu angefufuka asingetujua.

Mujukuu wako,
Mutesi


Nyamitaba, tarehe 30 ya mwezi wa tatu

Mutesi,

Tumesalimiana. Afya yangu usiulize, nitakuambia mwenyewe: tangu siku ya soko, ngombe zangu zinakula kuliko mimi.

Filme yako iko hapa. Ilikuja mu telefone ya muntu moja, ikaruka mu ingine, na ingine. Nilikwenda kwa Émilienne, pale banachajia telefone na plake ya jua. Nikakuta bantu kama makumi mbili bamejaa ku mulango, banacheka, Émilienne mwenyewe anapangusa machozi na kitenge. Nikasukuma mabega, nikaangalia.

Kweli, uso ya batoto si yao. Kweli, nyumba iko na vigae, na mimi niko na matako yenye sijawahi kuwa nayo. Nikaanza kupumua. Kisha ngombe akaingia.

Mutesi. Pembe ya kushoto imeinama mpaka ku shavu. Sikio ya kuume imekatika ncha, pale imbwa alimuuma akiwa ndama. Alama nyeupe ku paji, kama jani ya maharagi. Hata ile kusimama yake, muguu ya nyuma kando, kama mama amechoka kungoja. Umebadilisha bantu yote, umeacha ngombe.

Kicheko ilikufa pole pole. Ilianza kufa ku bale ya mbele, bale bachungaji, kisha ikafika nyuma. Muzee Nsengimana, yenye kuchunga karibu na sisi, aliniangalia, akaangalia chini. Hakuna muntu alisema Bihogo. Émilienne akazima telefone, akasema batri imeisha. Haikuisha. Niliiona.

Hapa kwetu muntu anaweza kusahau uso ya mukwe yake. Ngombe hamusahau. Na ule chef pia baba yake alikuwa muchungaji, alikulia mu mavi ya ngombe kama sisi. Siku ataona, hataenda kuuliza ni ngombe ya nani. Atakuja tu.

Ulikuwa unafikiri nini? Ao kichwa ilibaki hapa na mukono njo ulikwenda Walikale?

Tate yako


Walikale, tarehe 8 ya mwezi wa ine

Tate yangu,

Sijui nikuulize nini juu ya afya. Mimi silali.

Niliandika hii barua mara tatu nikaipasua. Unaniuliza nilikuwa nafikiri nini. Nilikaa siku mbili nikitafuta kuchora ngombe ingine. Cindy aliniambia, chora ngombe tu, yoyote. Nilijaribu. Kila ngombe yenye nilichora ilikuwa meza yenye mukia. Nimekulia nyuma yao, Tate, sijui ngombe yenye haina jina. Nikachoka, nikafunga macho, mukono ikaenda peke yake, na Bihogo akasimama pale. Nilifurahi hata. Nilifikiri niko nakusalimia.

Kwetu tumeifuta. Lakini mu telefone za bantu nitafanyaje? Eugène alikwenda mpaka Omate kuomba bachimbaji baifute. Balimucheka, na bale hawakuwa bameiona bakaiomba.

Muuze Bihogo, mbali kabisa. Ao batume Makuza na Gentil kwangu. Nyumba ni ndogo lakini batalala. Nakuomba, fanya mbio.

Mutesi wako


Nyamitaba, tarehe 17 ya mwezi wa ine

Mutesi,

Barua yako ilifika ndani ya mufuko ya chumvi ya Kataliko. Vizuri hakuiweka mu koti, juu ku bariere sasa banafungua koti. Mimi niko nasimama. Njo habari ya afya hiyo.

Kumuuza Bihogo? Nani atamununua? Hakuna mununuzi hapa Masisi yote yenye hajaona ile filme. Kumupeleka ku soko ni kumupigia ngoma.

Na chef ameiona. Alikuja siku ya kwanza ya juma na askari ine. Aliomba kiti, nikamupa. Aliomba maziwa, nikamupa. Alikunywa bila haraka. Akaniuliza goti yangu iko namna gani. Mutesi, nani alimuambia juu ya goti yangu? Kisha akatoa telefone, akaweka filme pale mu kiwanja yangu, kuanzia mwanzo mpaka mwisho, na kila fasi bantu banacheka, alicheka. Askari hawakujua kama bacheke ao banyamaze. Ule kijana wa mukongojo alikuwa nyuma yao, hakuinua macho.

Ilipoisha, akasimama, akavaa kofia yake mupya, akasema: "Mama, nimefurahi sana. Siku ya Mungu, nyuma ya misa, nitarudia kuona ngombe zote. Batoto bakuwe hapa. Baweke na chumvi tayari."

Batoto balikuwa juu ku malisho, mvua ilibachelewesha. Mungu asifiwe kwa ile mvua.

Nimekata shauri. Kesho asubuhi batatoka na bidon kama kila siku. Pale njia inagawanyika, hawatashuka ku bariere. Bataacha bidon ndani ya nyasi, batapanda njia ya ngombe, kisha mu pori mpaka Walikale, siku ine ao tano. Nitasema ngombe ziko na ugonjwa ya matiti, maziwa haitoke.

Makuza alikataa. Alisema ataenda kwa chef kusema kweli, juu ya ule kijana wa mukongojo. Nilimuambia: "Ukienda, ule kijana hatapona. Itakuwa tu mikongojo mbili, kama una bahati." Akaenda kuosha bidon. Gentil aliniuliza nani atakamua. Kama vile mikono yangu ilikufa.

Mimi nabaki, na Bihogo anabaki. Chef akikosa ngombe, atafuata nyayo. Akikuta ngombe, atasimama kwa ngombe.

Sasa sikia vizuri. Usiniandikie majina yao tena. Andika bidon mbili. Na bakifika, usiandike hata vile. Hii Kataliko anaificha vizuri, lakini ku bariere barua zinaanza kufunguliwa. Weka mu filme yenu. Chora ngombe yenye haifanane na ngombe ya muntu yeyote. Unasema huwezi. Utaweza. Nikiiona, nitajua.

Tate yako


Walikale, tarehe 2 ya mwezi wa tano

Tate,

Jambo, na afya.

Bidon mbili zenye ulituma hazijafika. Ni siku kumi na ine. Eugène alisimama ku njia yenye kutoka huko, kila siku, mpaka bantu bakaanza kumuuliza anangoja nani. Kataliko anasema mu pori kulikuwa na mapigano, bantu balikimbia kila upande. Ao maziwa ilimwangika, ao iko inazunguka njia ndefu, sijui.

Karatasi iko mbele yangu. Sijachora kitu.

Niambie siku ya Mungu ilipita namna gani. Niambie tu mustari moja.

M.


Nyamitaba, tarehe 11 ya mwezi wa sita

Mutesi mujukuu wangu,

Jambo sana. Niko muzima, na goti inauma, njo ishara ya kama niko muzima.

Nilichelewa kukujibu juu hakukuwa muntu wa kupeleka. Na hii inapelekwa na Kataliko peke yake, ameishona ndani ya kola ya shati. Njo ya mwisho. Soma yote.

Siku ya Mungu chef alikuja. Lakini bantu ya kilima balitoka ku misa hawakwenda kwao. Moja alikuja kuomba moto, moja kuomba chumvi, Muzee Nsengimana alikuja kuomba fimbo na yake iko mu mukono. Bakajaa ku lupango, kuzunguka kiwanja yangu yote. Chef akapita mbele ya ngombe moja moja, akafika kwa Bihogo, akashika ile pembe. Akaniuliza hii ngombe inakula nini.

Mudomo yangu unaujua. Nikamujibu: "Majani. Na kofia, nikimupa. Ile chumvi ni mimi niliipaka."

Chef akapeleka mukono ku kofia yake, kuona kama iko. Ule kijana wa mukongojo akakohoa, na haikuwa kikohozi. Mwingine akageuka kuangalia mulima. Nikaona chef anaangalia lupango, anaangalia askari, anarudi kuniangalia. Akinipiga, mbele ya bantu yote yeye njo ule wa filme.

"Kofia gani?" akasema. "Mimi sikupoteza kofia."

Akamuchukua Bihogo, eti muchango. Balimuvuta na ile pembe. Alitembea kidogo, akasimama, muguu kando, bakamuvuta tena. Chef alirudi nyuma hatua mbili, akaniambia pole pole, bantu basisikie: "Batoto bakirudi, banisalimie mimi kwanza, kisha wewe." Kwa hiyo hawarudi. Hata nikifa, hawarudi kunizika. Ubaambie vile, na bakilia ubape kazi.

Kisha nilingoja. Barua yako ya bidon niliisoma, nikaichoma. Kila siku ya soko nilikwenda kwa Émilienne, nikakaa ku benchi kama muntu yenye iko na telefone. Bantu banaleta filme za bazungu banarushana mangumi, za mupira, za mahubiri. Ya kwenu hapana. Juma moja, mbili, tatu. Nilihesabu pori yote mu kichwa, kila mulima, kila muto. Nilibaona bamekufa fasi zote.

Siku ya tatu ya juma yenye ilipita, karte mupya ilifika.

Ndani yake kuna ngombe, mubaya kabisa. Miguu kama ya meza. Pembe mbili zimesimama sawa kama meno ya uma ya kulia chakula. Matiti iko karibu na shingo, na macho ni ya muntu. Bantu balilalamika. Muzee Nsengimana alisema huyu muchoraji amesahau kazi, ngombe gani hii, ya nani? Bakasema, ya hakuna muntu.

Nililia mbele yao yote. Émilienne alifikiri ni goti, akaniletea maji ya moto.

Usiniandikie tena. Usinitumie kitu. Fanya filme yenu, na kila filme weka ile ngombe, vile vile, mubaya vile vile, usijifunze kuichora vizuri. Mimi nitakuwa ku benchi. Hapa chef naye anaangalia filme zenu, kila moja, mpaka mwisho, na hacheki tena.

Na kama siku moja kuna kitu mubaya imebafikia, inamisha pembe ya kushoto. Sitauliza muntu. Nitarudi nyumbani.

Tate yako,
Libérata