Mshipa wa Mama

Bigwa, Morogoro

Kaka Yusuph, shikamoo.

Huku mvua inanyesha tangu Ijumaa, migomba miwili imelala chini, na mbuzi amezaa. Nimeinuka mara tatu tangu nianze barua hii, kwenda kuona kama Mama amemeza vidonge vyake.

Nilikwambia anaumwa kichwa. Sikukwambia kwamba kitana kikimgusa kichwani anaguta kwa maumivu, wala kwamba akitafuna nyama anaacha katikati, taya limechoka. Pembeni mwa jicho mshipa ulivimba kama kamba. Akasema, "Raya, mshipa umenikaza." Nami, kwa kuwa kwetu mshipa ukikaza unachuliwa, nikamchua kwa mafuta ya nazi wiki tatu nzima.

Jumatatu jicho la kushoto likazimika. Daktari akanieleza kwamba huu ni mshipa wa damu, si wa kuchuliwa. Askari wa mwili wake mwenyewe wameuvamia, ukuta umevimba kwa ndani, njia imekuwa nyembamba, na jicho limekosa damu. Halitaona tena. Vidonge ni vya kuliokoa la pili. "Mngekuja mapema," alisema, kwa upole, na upole huo ndio unaonitesa.

Ukija, msalimie ukiwa upande wake wa kulia.

Jana aliniinamishia kichwa, akasema mikono yangu ndiyo ilikuwa ikimpa nafuu, nimchue tena. Nikamwambia mafuta yameisha. Chupa iko hapa mezani ninapoandikia, imejaa.

Mdogo wako,
Raya