Betri za Redio na Barua Iliyobaki Steji

Baba,

Nakuandikia kwenye kompyuta yako mwenyewe, hapa mezani kwako, kwa ile programu yako ya barua pepe, bila mtandao, kama ulivyozoea. Mama yuko nje anachambua maharagwe ya njahi. Nina hasira na wewe, na nimeona nikuambie mapema kabla sijaanza kulia, kwa sababu nikishalia utadhani nimekusamehe.

Ulienda bila kuniachia kazi vizuri. Hema la mazishi yako lilikuwa halijakunjwa wakati kamati ya mradi wa maji ilipokaa chini yake na kunichagua niwe katibu mahali pako. Sikuomba. Niliwaambia nafanya kazi Meru, kwenye ofisi ya mbegu karibu na soko la Gakoromone, na nyumbani naja wikendi tu tena nikiwa nimechoka. Mzee Nyaga, mwenyekiti wenu wa milele, akasema, "Si wewe ni msichana wa katibu? Ulikuwa unamuona akifanya." Wakapiga makofi. Yaani kwa watu wako ukatibu ni kama shamba la kahawa, baba akiondoka mtoto anachukua makasi anaendelea kupogoa.

Kiangazi kilipoingia, matatizo yakaanza. Watu wa juu, walio karibu na tangi, walifunga valvu, na sisi wa chini tukabaki na mifereji mikavu. Mama Kendi, ambaye ndiye husemea watu wa chini, alipanda mpaka kwa mwenyekiti na kumwambia mlishakubaliana zamu za maji ulipokuwa hai. Mzee Nyaga akasema hakuna zamu aliyowahi kukubali. Mama Kendi akajibu mbele ya watu, "Iko kwa email ya katibu. Wanja ataleta." Na kama singeleta, watu wa chini waliapa kufukua mabomba yote waliyoyachimbia mtaro kwa mikono yao. Mradi wote wa maji, kazi yako tangu ulipostaafu ukarani wa kiwanda cha kahawa, ukawekwa juu ya kichwa changu. Mama naye akarudi kuteka maji mtoni, na lile goti lake unalijua.

Nilidhani ni kazi ya dakika moja. Nikiwa ofisini nilifungua barua zako kwa simu. Neno lako la siri ni jina la ng'ombe, sikuhitaji kuuliza mtu. Sanduku likafunguka, na Baba, hakukuwa na barua hata moja ya enzi zako. Zilikuwemo zile tu zilizoingia baada ya wewe kuondoka, na nyingi zilikuwa rambirambi. Wanakamati walibonyeza "jibu wote" kama ulivyowafundisha, wakakutumia wewe mwenyewe pole ya kifo chako.

Ndipo nikakumbuka ule ubishi wetu. Uliiambia programu ishushe kila barua kwenye kompyuta yako, halafu iifute kule ilikotoka. Nilikusihi uache nakala kule. Ukaniuliza nakala ni ya nini na yenyewe unayo. "Kitu changu kikae kwangu," ulisema. "Hao wa huko juu siwajui." Sasa tazama. Sisi wengine tulikuwa tukizifuta simu zikijaa. Barua za watu wote wa mradi zilikuwa kwenye mashine moja, chini ya kitambaa alichofuma Mama, ndani ya nyumba isiyoshika netiwaki hata ukipanda juu ya kiti.

Na mashine yenyewe haikuguswa. Mama alisema vitu vya marehemu havisogezwi mpaka ukoo ukae. Kila wikendi namwomba, kila wikendi ananiambia, "Wacha kwanza wazee wakae." Wazee wenyewe wanangoja mjomba apone mguu. Huku Mama Kendi ananipigia simu kazini nikiwa na wateja, ananiuliza kama nimeogopa watu wa juu. Nilimkatia simu mara moja, Baba. Kwa nini nisikwambie ukweli? Nilichoka.

Kisha siku moja Mama akapanda kutoka mtoni, akatua mtungi, akakaa kwenye ngazi. Alipopata pumzi akasema, "Chukua hiyo computer. Lakini ujue ni ya baba yako."

Nilifunua kitambaa nikaiwasha. Barua zote zilikuwepo, na zote zilikuwa na kichwa kimoja: "Mabomba yamefika."

Naikumbuka siku hiyo. Lori lilikwama kwenye tope pale kanisani, ukatoka na gamubuti na shati la Jumapili ukisimamia watu wakisukuma. Jioni ukaandika barua yako ya kwanza kwa kamati. Ile ya pili ukaiandika kwa kujibu ya kwanza. Ya tatu ukajibu ya pili. Hukuandika barua mpya tena maishani mwako. Nilikuonyesha kibonyezo cha barua mpya, nikakueleza kwamba programu hufunga pamoja barua zote zenye kichwa kimoja, kwa hiyo kila jambo lipewe kichwa chake. Ulinisikiliza kwa adabu, jinsi ulivyokuwa ukimsikiliza bwana shamba, halafu ukasema, "Maji ni neno moja. Kwa nini nilikate vipande?"

Basi nikakaa hapa nikilisoma neno lako moja. Saruji iko humo. Ada za mwanachama aliyehamia Runyenjes zimo. Kuna matanga ya mke wa Mzee Nyaga, mtihani wa Kendi, na dawa ya mchwa. Kila jibu limebeba chini yake majibu yote ya nyuma, mpaka ukitafuta mwisho wa barua mkono unakufa ganzi. Na pale nilipofikia zamu, nilitaka kuitupa mashine nje. Uliandika, "Napendekeza siku tatu juu, siku tatu chini, Jumapili tangi lijae." Papo hapo, kabla mtu hajajibu, ukaandika nyingine: "Pia napendekeza tuchinje mbuzi siku ya kufungua maji." Chini yake kuna jibu la Mzee Nyaga. Neno moja: "Sawa."

Nilimuuliza. Akasema, "Mimi nilikubali mbuzi."

Ungeandika barua mbili zenye vichwa viwili, Baba. Viwili tu. Ningekuwa na ushahidi, na Mama asingekuwa mtoni.

Nikaamua nijitumie mazungumzo yote kwenye anwani yangu ya kazini, niyapekue huko taratibu nione kama kuna mahali pengine mzee alipokubali. Kwa hivyo Jumatano niliomba ruhusa kazini, nikaitia kompyuta yako kwenye ule mfuko wako wa mbolea, nikapanda nayo mpaka sokoni Karurumo, penye netiwaki, nikakaa kwenye kibaraza cha duka ulilokuwa ukikaa siku za soko. Mwenye duka akanitolea benchi lako. Nikachomeka modemu.

Sikuangalia steji. Ndivyo ulivyoliita lile sanduku la barua zilizoandikwa bila mtandao, zinazongoja netiwaki ije izibebe kama abiria wanaongoja matatu. "Nina barua mbili steji," ungesema ukivaa kofia, na sote tulijua unaelekea sokoni. Mimi ndiye nilicheka jina hilo zaidi ya wote, na mimi ndiye nilisahau kuangalia. Netiwaki ikashika, na kabla sijainua kidole kukawa na barua moja inaondoka. Simu ikatetemeka mfukoni mwangu. Juu ya kioo palikuwa pameandikwa "Baba".

Naijua mitambo hii, nafanya nayo kazi kila siku. Nilielewa mara moja kilichotokea. Na bado nilisimama nikatazama barabara ya kutoka kwetu.

Uliiandika wiki uliyougua. Ulikuwa unangoja siku ya soko uipeleke, na siku ya soko ilikukuta hospitalini Embu. Ilisema hivi: "Habari zenu. Jumamosi hii saa nne kamili tukutane kwa tangi tutoe matope kabla ya kiangazi. Kila mtu na jembe. Asikose wa juu wala wa chini. Wanja, ukija niletee betri za redio, zile kubwa. Hizi nimezianika juani zimekataa. Katibu."

Hata betri ukazitia kwenye barua ya kamati. Nililia pale kibarazani mpaka mwenye duka akafunga redio yake.

Halafu wakaanza kupiga. Mwekahazina alitaka kujua kama ni wachawi. Mama Kendi aliniuliza kama uliandika ukiwa na maumivu. Mzee Nyaga ndiye aliyenichoma. "Wanja, unatumia jina ya mtu ameenda ndio utushinde?" Nilimweleza habari ya steji na modemu, akakata simu katikati. Nikaandika barua mpya, safi, yenye kichwa chake kwa herufi kubwa, kwamba ile ni ya zamani na hakuna mkutano. Nilijivunia kichwa hicho. Baba, hakuna hata mtu mmoja aliyeifungua. Mzee Nyaga aliniambia baadaye, "Mimi barua ya maji naijua. Hiyo ingine niliona ni matangazo."

Jumamosi nilipanda kwenye tangi niwarudishe watu nyumbani. Nilikuta wamefika wote, wa juu upande mmoja na wa chini upande mwingine, kila mtu na jembe lake. Nikaanza kuomba radhi. Mzee Nyaga akaninyamazisha kwa mkono. "Mimi nimeitwa na katibu," akasema. "Sio wewe." Akakunja suruali, akashuka ndani ya tangi wa kwanza. Ungemuona, na umri ule. Mama Kendi akamfuata, kwa sababu hangekubali aonekane mvivu mbele yako.

Matope yalikuwa mengi kweli. Ulikuwa umeona mbele. Walipokezana ndoo, wa juu akimpa wa chini kwa kuwa ndivyo mstari ulivyowakuta, na katika kupokezana wakaanza kusemezana. Sikusikia kila kitu. Nilichosikia ni sauti ya Mzee Nyaga ikitoka mle ndani, tope likiwa limemfika magotini: "Andika. Siku tatu juu, siku tatu chini. Jumapili lijae." Mama Kendi akauliza, "Na mbuzi?" Watu wakacheka, na mimi nikaandika kwa simu.

Hapo ndipo unaponikasirisha zaidi. Nimehangaika kiangazi kizima nikitafuta ushahidi, nimepigiwa kelele, nimelala na mashine yako kichwani, na wewe ukalimaliza jambo kwa barua ya kutoa matope ambayo hata hukuwahi kuituma.

Wakati wa kutawanyika Mzee Nyaga alinivuta kando. Akatia mkono kwenye koti, akatoa betri mbili kubwa zilizofungwa kwa gazeti. "Zake zilikuwa zimekataa," akasema. "Mtu akiitisha kitu, unampelekea." Nilipogeuka, Mama Kendi naye alikuwa na zake, na mwekahazina, na wengine. Mimi pia nilikuwa nazo kwenye mkoba, nilizinunua Gakoromone nikijiambia ni za tochi. Mama amezipanga juu ya kabati. Redio yako itaongea mpaka mjomba apone mguu.

Jana nilipanda na simu penye netiwaki nikaandika zamu kwenye mazungumzo yako, chini ya "Mabomba yamefika", kwa sababu ndipo wanaposoma. Umenishinda. Kisha nikataka kukuandikia wewe peke yako neno moja, na kidole kikaenda chenyewe kwenye "jibu wote". Kamati nzima ikapokea: "Baba, redio inaongea." Nilitaka ardhi inimeze. Asubuhi nilipopanda tena nikakuta jibu moja, la Mzee Nyaga. "Sawa." Safari hii najua alikuwa anajibu nini.

Nimeiambia programu iache nakala kule juu, hilo sikubembelezi. Lakini anwani yako sitaitoa kwenye kamati. Maji yakifunguliwa utaandikiwa, yakifungwa utaandikiwa, na mambo yote ya maji nitayaweka kwenye neno lako moja hata kama yatanitoa machozi ya hasira. Hiyo ni ahadi. Ukoo ukikaa nitaomba mashine hii, na hilo benchi la dukani nitalikalia siku za soko.

Kesho ni zamu ya chini, kwa hiyo Mama hatashuka mtoni. Pumzika, Baba. Ninabonyeza tuma sasa, na barua hii itakaa steji mpaka niipeleke Karurumo. Huko itaondoka, izunguke inakozunguka, irudi kwenye mashine hii hii, ikae juu ya rambirambi zako kwa herufi nzito, kama barua ambayo mwenyewe hajaisoma. Nitaiacha hivyo.

Binti yako,
Wanja