Ijumaa Kumi na Saba za Mama Konadu

Thiès, Jumanne, baada ya alasiri

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini safari ya kutoka Kumasi haikukuvimbisha miguu sana, na kwamba hapo Dakar mlipofikia wewe na wenzako wa vitambaa mmepata chumba chenye feni. Mimi mwili wangu mzima. Mtihani wa mwisho nimeumaliza jana, muhula umekwisha. Moyo ndio sijui niseme uko vipi. Soma polepole, na tafadhali uwe umeketi.

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, hata Maguette ninayelala naye chumba kimoja. Mama, katika nyumba hii wewe ni marehemu. Niliwaambia umekufa. Niliwaambia siku ya kwanza kabisa, mwezi wa pili, kabla sijafungua begi.

Nisingeandika kama usingepiga simu juzi kusema kwamba Alhamisi utakuja Thiès umshukuru kwa kinywa chako mwanamke aliyemlisha mwanao, kisha turudi nyumbani pamoja. Kwenye simu ningeshindwa, unajua ninavyomeza maneno. Barua hii ataileta Baba Gora, fundi cherehani jirani yetu, anayekuja huko kesho kununua nyuzi. Nimemwambia ni ya mama mdogo. Usimsahihishe, Mama. Alinipa mkono wa pole kwa ajili yako, akatoa na machozi.

Ilikuwa hivi. Jumamosi ile niliyoondoka, ulikwenda kwenye mazishi ya mama yake mwenyekiti wenu wa soko. Ulisema utarudi kabla basi halijaondoka. Nilisimama kituoni na Mjomba Nsiah mpaka dereva akaanza kunitukana. Hukuja. Njia nzima nilikuona na nguo zako nyekundu na nyeusi, ukimlilia maiti ambaye hukuwahi hata kula naye. Basi nilipofika hapa, Yaye Dieynaba, mwenye nyumba (Yaye ni Mama kwa hapa), akaniuliza kwa upole, “Mama yako yuko wapi, nimpigie nimwambie umefika?” Nikasema, “Alifariki.” Lilitoka jepesi kama salamu. Fomu zote zilikuwa na saini ya Mjomba, kwa hiyo nani angebisha?

Nilidhani nitalirekebisha kesho yake. Lakini mchana huo, tulipoketi kuzunguka sinia la wali, Yaye alimpasua samaki, akatoa miiba kwa vidole vyake, akasukuma mnofu mpaka upande wangu. “Kula, yatima wangu.” Mama, sijui kama wewe umewahi kunitolea miiba. Labda nilipokuwa mdogo. Nikala, nikanyamaza.

Ijumaa ya kwanza akapika uji mzito wa uwele, akaumwagia mtindi na sukari, akawaita watoto wa chuo cha Kurani mlangoni. “Mwombeeni Konadu wa Kumasi!” Wakaitikia amina huku midomo imejaa. Nikamwambia kwa sauti ya chini kwamba sisi ni Wamethodisti. Akasema, “Mungu anajua anwani.” Amefanya hivyo kila Ijumaa, kumi na saba sasa, kwa mshahara wa mwalimu wa Kiingereza. Na saa hiyo hiyo wewe uko sokoni unamfukuza mteja aliyeshika kitambaa kwa mikono michafu. Wewe usiyekosa mazishi ya mtu, yako yamefanyika huku hukualikwa.

Ndiyo sababu kila ulipopiga nilikimbilia juu ya paa, kwenye nguo za kuanika na kondoo. Ukawa unauliza, “Hao wanaolia ni wanafunzi wenzako?” Nilicheka, halafu nikishuka nilishindwa kumtazama Yaye usoni.

Usidhani muhula mzima nilikuwa na huzuni. Hilo ndilo linaloniuma. Hapa wamenipa ukoo wao, Ndiaye, na Baba Gora ni Diop, na watu wa koo hizo mbili wameruhusiwa kutukanana tangu enzi za mababu. Kila jioni akipita hunichungulia: “We Ndiaye, hilo ni sinia la pili au la tatu?” Miezi miwili nilikuwa naangalia miguu yangu tu, Yaye ndiye ananijibia: “Mwache mtoto, Diop! Nyie si ndio mnaolamba mpaka chungu cha jirani?” Siku moja, sijui nini kilinipanda, nikasema, “Baba Gora, sisi tunakula. Nyie Diop kazi yenu kuhesabu matonge ya watu.” Kwa Kiwolof! Kisha Yaye akainuka na mwiko mkononi akacheza, Maguette akapiga sufuria, Baba Gora akashika kifua akisema ameuawa na kitoto. Mama, mimi niliyekuwa nikiulizwa jina darasani nakohoa. Natamani ungeniona.

Natamani pia kurudi. Nimeota nakula fufu yako mara nyingi, nimeota unanisuka huku unanigombeza nitulie. Lakini najua nikifika nyumbani nitakuwa nasikilizia ile saa ya chai yao ya kumiminwa kutoka juu, na kicheko cha Yaye akisahihisha madaftari.

Ninalotaka kukiri hasa ni hili. Jumapili Yaye aliniita chumbani, akafungua sanduku, akatoa nguo nyeupe ya kufumwa kwa mkono. Ni ile aliyofunikwa kichwani siku ya harusi yake. Huku watu huitunza ije iwe sanda yao. Akasema, “Ukifika, mtandikie mama yako kaburini. Mwambie Dieynaba anamshukuru kwa kumwazima mtoto.” Nililia, akadhani nalia kwa ajili ya kaburi. Nililia kwa sababu hasira ilikuwa imekwisha zamani, mwezi wa tatu labda, na niliendelea kukuacha umekufa kwa kuwa nilipenda kuitwa yatima wake. Nisamehe. Naogopa Alhamisi atakuona na akose hata jina la kuniita. Tena naogopa wewe ukisoma haya hutataka kuja kabisa.

Njoo, Mama. Nitamwambia kabla hujafika. Leo nimejaribu mara tatu, na kila nikisikia mtu anapita naingiza karatasi chini ya mto.

Wasalimie wenzako wote, hasa Mama Pokuaa, na mwambie kitambaa kizuri cha bazini asinunue kabla Yaye hajamwonyesha duka. Nakuombea usingizi mzuri, na moyo mpana.

Ndala za Yaye ziko koridoni. Anaita, “Ndiaye mdogo, mbona umejifungia?” Mkono wangu ulishakwenda kwenye mto, nimeurudisha. Kiingereza changu hiki atakisoma chote, tangu mstari wa kwanza. Karatasi naiacha wazi mezani, naandika jina, kisha namfungulia.

Mwanao,

Abena Frema