Usisimame Siku ya Mavuno

Kilburn, London

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo mama. Kamwene. Mimi ni mzima, naanza na hilo kwa sababu najua ukiona karatasi badala ya simu moyo utakwenda mbio. Hakuna msiba, sijalazwa. Na wewe je, goti limepungua? Nyanya za bondeni zimeshika vizuri? Shangazi alisema mvua ziliwahi mwaka huu mkalazimika kupiga dawa ya ukungu mara kwa mara. Pole kwa kazi, mama.

Ningekupigia simu, lakini simu yako unaiweka sauti kubwa pale uani, na kila anayepita Ilula anaitikia salamu zangu. Safari hii sitaki mtu aitikie. Aliyekuletea barua hii ni shemeji Baraka, mume wa dada Anitha, yule nesi aliyekuja kwako akiwa likizo. Nimemwomba akukabidhi mkononi. Tafadhali usimpe shangazi akusomee. Vaa miwani yako, funga mlango, uimalize kabla ya Jumapili ya mavuno.

Uliniambia siku hiyo utasimama mbele ya kanisa na jogoo wako na tenga la nyanya, utoe ushuhuda kwamba maua ya binti yako Ulaya yaliugua, kina mama wakaomba, yakapona. Ulisema mchungaji ameshakuweka kwenye ratiba, na umeshonesha kitenge.

Mama, usisimame. Yale maua ni bangi.

Nimeandika neno hilo nikaacha kalamu, nikaenda jikoni kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi. Sasa nimerudi. Ngoja nikueleze tangu mwanzo, maana nikianzia katikati nitaanza kujitetea.

Ile kazi ya kulea wazee iliisha siku nyingi. Kampuni ilifungwa, na kibali changu cha kuishi hapa kilikuwa kimeshikizwa kwenye kazi ile. Wewe nilikuambia nimehamishiwa kituo kingine. Nilikuwa nazunguka na begi, leo kwa huyu, kesho kwa yule, mpaka nikaona watu wanaanza kuchelewa kupokea simu zangu. Hapo ndipo Deo alipopiga mwenyewe.

Deo ulishamsikia. Ni yule kaka wa Songea anayekusanya michango Mtanzania akifariki hapa. Mtu akifiwa London, simu ya kwanza ni kwa Deo. Yeye ndiye anayejua jeneza linapanda ndege gani. Akaniambia ana nyumba Wembley, kuna chumba cha juu hakina mtu.

"Wewe si umesoma kilimo, Faraja? Kuna mimea pale inataka mtu wa kukaa nayo."

"Mimea gani, kaka?"

"Maua, dada'angu. Hayapigi kelele wala hayakojoi kitandani kama wale wazee wako."

Nilicheka. Nilipofika nikakuta madirisha yamezibwa kwa plastiki nyeusi, na sebuleni taa kali kama za uwanja wa mpira. Harufu ilinipokea mlangoni. Nilijua papo hapo, mama. Sikudanganywa, sikufungiwa, sikutishwa. Niliuliza tu kitanda changu kiko wapi. Hilo ndilo linalonichoma kuliko yote.

Na kuna jambo lingine la aibu zaidi: niliipenda kazi. Baada ya muda mrefu wa kubeba ndoo za wazee nilikuwa tena na kitu kinachoota. Nilikuwa nayageuza majani asubuhi kama unavyofanya wewe, kidole chini ya jani, bila haraka. Nilijiona bibi shamba kamili. Ukinipigia na kuuliza kazi, nilikuwa nakujibu kwamba natunza maua, kwa sauti ya mtu anayeheshimika.

Mimea ilipofika kwenye maua, majani yakaanza kuwa na vidoa vyeupe, kama mtu amepitisha sindano. Chini yake utando mwembamba, na vile vijidudu vinatembea, vyekundu, vidogo kuliko chembe ya pilipili. Utitiri. Mtoto wa Ilula nimekulia na utitiri, lakini nilishikwa na hofu kana kwamba nauona mara ya kwanza. Deo akaja na chupa isiyo na karatasi, akasema nipulizie wafe wote. Nilinusa nikakataa. Nilimwambia maua yale yana utomvu, chochote ukiyapaka kinabaki humo humo, na kuna watu watayavuta. Nilijisikia mtu mwema sana siku ile, mama. Nilikataa sumu ya Deo, nikakupigia wewe.

Unakumbuka ulivyoniuliza?

"Utando upo?"

"Upo, mama."

"Basi huo ni utitiri, usihangaike kutafuta jina. Vua majani yaliyoshambuliwa, uyachome mbali. Na maua yameshatoka?"

"Yameshatoka."

Nilisikia kuku uani.

"Kuna mtu atakayeyala?"

"Hapana, mama. Ni ya kutazama tu."

"Haya. Yangekuwa ya kula ningekwambia mwache Mungu afanye kazi yake. Kama ni ya kutazama, nitakutumia majani ya utupa, sumu yake inawamaliza."

Uliniuliza swali moja tu la maana, nikalijibu kwa uongo. Sikujiuma hata ulimi.

Halafu ukanisimulia mengine kwa kucheka. Kwamba utupa wetu ulikauka wote na kiangazi, wigo uliobaki na majani ni wa Mama Festo, ukamtuma mtoto akaombe. Kwamba Mama Festo alikata matawi bila kuuliza neno, akayafunga kwa kamba ya mgomba. Kwamba kina mama wa kikundi walitwanga wenyewe baada ya ibada, wakipokezana mchi, wakaimba, wakautia unga kwenye kopo la siagi, wakaliwekea mikono. Nikakuuliza kama Mama Festo alikuwepo kwenye kutwanga. Ukasema, "Aaa, yule atakuja kufanya nini?"

Nilibadilisha mazungumzo kwa sababu nilikuwa najua. Polisi walipomkuta Festo na miche ya bangi katikati ya mahindi, ni wewe uliyesimama kwenye kikao ukasema mama asiyejua kinachoota shambani kwake hawezi kushika mfuko wa kikundi. Akatolewa kikundini, hata kwaya akaacha. Watu walikusifu kwa kutoogopa. Mimi nilikuwa likizo, nimekaa benchi la nyuma, nikapiga makofi.

Dada Anitha alilibeba kopo kwenye begi lake. Alifika akinitania, "Mama yako ana imani, amenibebesha unga wa majani kama mganga." Nikaloweka, nikachuja kwa kipande cha kitenge, nikapulizia. Haukupita muda mrefu majani mapya yakatoka safi. Nikakurekodia sauti, "Wamekwisha, mama!" Ukanirudishia vigelegele, na nyuma yako nikawasikia kina mama nao wanapiga.

Nilimwambia Deo tusubiri kabla ya kukata. Akasema wateja hawasubiri. Sikubishana. Nilichukua mkasi nikakaa mezani na wengine aliowaleta Deo, nikapunguza majani, huku naona wazi unga wako wa kijani umeganda kwenye utomvu. Nilikuwa naupangusa kwa kidole gumba, ua moja moja, kama mjinga.

Mmoja wa wanaochukua kwa Deo ni Zuhura, mama wa Tanga anayefanya usafi maofisini Stratford. Mgongo wake umeharibika kwa kuinama, vidonge vya hospitali vinamlevya, basi jioni anavuta kidogo ndipo apate usingizi. Si mhuni, mama. Ana heshima zake, na kila akija ananiletea visheti. Safari hii alikuja anakohoa mpaka anashika ukuta.

"Hii ya safari hii ina nini, mdogo wangu? Kifua chote kinawaka. Daktari kanipa inhaler, mimi sijawahi kutumia inhaler in my life."

Sijui kama ni utupa. Ilikuwa baridi, watu wengi walikuwa wanakohoa. Inawezekana ni mafua tu. Lakini alivyoniangalia sikuweza kukaa kimya.

"Nilitia dawa ya wadudu," nikamwambia. "Ya majani. Alinitumia mama yangu."

Alikaa kwenye ngazi. Nilitegemea anitukane, nilikuwa nimejiandaa kutukanwa.

"Mama yako anajua inakwenda wapi?"

Nikatikisa kichwa.

"Masikini mama wa watu," akasema. Akajifunga mtandio akaondoka, na visheti akaniachia.

Niliondoka Wembley siku hiyo hiyo na begi langu. Deo alinipigia, kwanza kwa hasira, baadaye kwa upole, akinikumbusha alivyonisitiri. Kweli alinisitiri. Sikupokea tena.

Sasa nalala sebuleni kwa dada Anitha. Nilimweleza yote, maana ni yeye aliyepita na lile kopo uwanja wa ndege bila kujua linakwenda kuponya nini. Alisonga ugali, akaniwekea sahani, akala bila kuniangalia. Mwisho akasema, "Ningekamatwa, Faraja, kazi yangu ya unesi ingeishia pale pale. Ungeniambia tu." Mwanaye mdogo anaelewa Kiswahili chote ila hujibu Kiingereza, akaangalia mama yake, akaniangalia mimi, akauliza, "Auntie, are you in trouble?" Nikamwambia ndiyo, niko matatani. Nimeanza kuonana na washauri wa mambo ya vibali. Huenda nikarudishwa nyumbani. Nikija, nitakuja mikono mitupu, na itabidi nipite mbele ya zile bati mpya za jiko ulizonunua kwa hela nilizotuma, ambazo sasa unajua zimetoka wapi.

Sikuandiki ili unisamehe leo. Naandika kwa sababu uliweka mikono juu ya lile kopo ukaniombea mimi, kwa jina langu, na sitaki usimame tena mbele ya watu ukiwa hujui. Jogoo mpeleke tu, ni jogoo wako, hana kosa. Nyanya nazo zipeleke. Ushuhuda uache.

Nisalimie shangazi, ila usimwambie, hana kifua cha kutunza siri. Nisalimie kaka Yohana na mkewe, nimesikia ameanza kulima vitunguu. Bibi mwambie namkumbuka na pombe yake ya ugimbi. Mchungaji mwambie lolote utakaloona linafaa.

Salamu za mwisho ni za Mama Festo, na hizi usimtume mtoto. Nenda wewe, hata kwa goti hilo, mpaka kwenye wigo wake. Mwambie utupa wake ulifika, na kwamba Faraja anamshukuru. Akikukaribisha ndani, ingia ukae. Halafu kama utaweza, mama, mwambie kwamba na wewe hukujua kilichokuwa kinaota kwa mwanao.

Ni mimi, kama bado utapenda kuniita hivyo,
binti yako,
Faraja