Zima Mwenyewe, Mimi Sipo

Shikamoo Mzee Hamisi,

Najua marahaba haitakuja, lakini bila kukuamkia kalamu haisogei. Ni mimi Juma, uliyenifundisha kutengeneza majokofu na viyoyozi hapa Ujiji. Ningependa kukuletea habari njema, ila sina. Nina aibu, Mzee, aibu ya kupita Katubuka nikitazama chini.

Tangu tukuzike, karakana naiendesha mimi. Kibao cha nje bado kina jina lako, na ndicho kinacholeta kazi. Majuzi alinipigia kijana mmoja aliyeko Dar. Alitaka mama yake, Bibi Yolanda wa Katubuka, afungiwe kiyoyozi cha kisasa, kile cha kuamuru kwa mdomo. Unasema tu, na kifaa cha ukutani kinaongeza au kupunguza baridi. Nikajibu kwamba hiyo kazi naiweza. Kumbe nilikuwa nimeiona kwenye simu tu, nikajiona fundi wa dunia.

Unakumbuka desturi yako? Ukiingia nyumba ya watu, begi hulifungui. Unasalimia, unakaa, unakunywa maji ya mwenyeji, unauliza nani atalala humu. Ukimaliza kazi unampa mwenye chumba rimoti, unampa na mgongo, unatazama ukuta kama mtoto aliyeadhibiwa: "Haya, zima mwenyewe. Mimi sipo." Nami nacheka pembeni. Nilidhani ni mzaha wa kizee.

Kwa Bibi Yolanda sikukaa. Maji yake niliyaacha mezani. Nilifunga kiyoyozi pamoja na kile kifaa cha kusikiliza sauti, nikakizoesha sauti yangu, nikakiamuru kwa Kiingereza changu cha kuokoteza, na baridi ikaja. Majirani wakapiga makofi! Swichi ya kawaida ya ukutani nikaing'oa, rimoti iliyokuja na kiyoyozi nikaitupia kwenye begi, eti ya nini tena. Nikaondoka zangu.

Bibi ni Muha wa Kalinzi, Mzee. Asubuhi alikisalimia kwanza kwa Kiha, "Mwakeye," ndipo akakiomba kwa Kiswahili kipunguze baridi. Kikanyamaza, maana kilikuwa kinaijua sauti yangu tu. Basi ikawa ananipigia, anasogeza simu ukutani, nami napayuka Kiingereza kutoka karakanani huku mtaa mzima ukinicheka. Nilirudi kukirekebisha, nikashindwa. Kurudisha swichi na rimoti kungenifichua kwa mwanawe, na kumwambia ukweli nikaogopa. Nilijidanganya kwamba nalinda jina lililo kibaoni.

Kisha nikaenda Ilagala kwenye jokofu la mfanyabiashara wa samaki, na simu ikakosa mtandao. Niliporudi nilimkuta Bibi barazani, kakaa juani, kajifunga vitenge viwili. Chumbani mwake mlikuwa na baridi ya kuhifadhia samaki, migebuka ya ziwani. Jirani akaninong'oneza kwamba yuko pale tangu asubuhi, na kila anayemuuliza anajibiwa kwamba jua ni zuri kwa mifupa. Nikaanza kujitetea, mtandao hivi, mtandao vile. Akanikatiza kwa upole: "Mwanangu, sikumwambia mtu. Wewe si kijana wa Hamisi? Kijana wa Hamisi haharibu kazi."

Afadhali angenitukana, Mzee. Afadhali angenifukuza na fimbo.

Nikakaa. Nikaomba maji, nikayanywa yote. Nikampigia mwanawe mbele yake, nikamweleza kwamba nilifunga kitu nisichokijua. Alinisema sana, na nilistahili. Kisha nikakibandua kile kifaa cha sauti, nikarudisha swichi, nikaitoa rimoti kwenye begi, bado ina nailoni yake. Nikamwonyesha Bibi vitufe. Nikampa mgongo, nikautazama ukuta, nikasema maneno yako.

"Mimi sipo." Miaka yote ile nikicheka, kumbe ulikuwa unatuzoesha.

Nyuma yangu kiyoyozi kikanyamaza. Bibi akacheka, akakiwasha tena, akakizima tena, kama mtoto aliyepata kidude kipya. Alidhani bado naendelea na mchezo. Sikugeuka, kwa sababu nilikuwa nalia.

Sitakuomba radhi kwa maneno, hukuwa mtu wa maneno. Nilikuwa nimeshanunua rangi ya kuongeza jina langu kibaoni, chini ya lako. Nimeipaka kwenye mlango wa choo. Kibaoni utabaki peke yako mpaka siku nitakayostahili kukaa hapo nawe, na sitatoka nyumba ya mtu tena kabla sijaugeukia ukuta.

Lala salama, Mzee wangu. Hapa tunawasha na kuzima wenyewe.

Kijana wako,
Juma