Siku Tuliyomfukuza Mtani Mazikoni

Kambi ya mkonge, karibu na Mchinga

Mdogo wangu Veronika,

Tumsifu Yesu Kristo. Nakusalimu wewe, shemeji na wapwa zangu, na mama mfikishie shikamoo yangu. Kifua chake kimetulia? Mimi mwili hauna neno. Mkonge ninaokata kwa siku watu watatu hawaufikii, na msimamizi wetu wa Kigiriki huja kunitazama tu apumzishe macho. Lakini roho imechafuka, najikinai mwenyewe.

Umeniandikia kwamba padre wenu naye amerudi Ulaya, kwamba shemeji amechaguliwa mzee wa kanisa, na kwamba Jumapili mtakata shauri la kuwazuia watani mazikoni. Basi msomee shemeji barua hii kabla ya Jumapili.

Sisi tuliwatangulia. Padre wetu wa zamani, kila shauri likiletwa, aliuliza kwanza, "Na upendo uko wapi humo?" Tulimcheka, maana hata shauri la kamba ya kengele aliliuliza hivyo. Alipoondoka tukabaki na kamati. Karani wa kambi akasimama na viatu vyake vya kung'aa, akasema, "Tanganyika inabadilika. Mtani kulala kaburini, kumtukana maiti, kudai kuku ndipo atoke, huo ni ushenzi. Tena wengine ni Waislamu." Veronika, mkono wa kwanza kuinuka ulikuwa wangu. Nilikuwa nimepewa kiti chenye mikono cha mzee wa kanisa, na ukikaa kiti kile unajiona askofu.

Hazikupita siku nyingi akafa Bibi Monika, mfagiaji wa kanisa, hana mume hana mtoto. Mtani wake ni Mzee Saidi, jirani yake, Muislamu. Walitukanana miaka yote, na kuni za bibi huyo alizipasua yeye Saidi. Akaja asubuhi, jembe begani, anasema tangu mbali, "Yuko wapi mvivu huyo? Amekufa makusudi, ameona majani yameanguka mengi." Wanawake wakaanza kucheka na machozi yao. Karani akamzuia. "Mzee, haya ni mazishi ya Kikristo. Mambo ya ngoma peleka kwenu."

Mzee Saidi akanitazama mimi. Mimi nikatazama viatu vya karani. Akaenda kuketi kando ya barabara, jembe mapajani.

Sasa nani achimbe? Huyu ana mgongo, yule ana suruali mpya, yule anasema kazi hiyo siku zote ni ya watani. Jua likapanda, marehemu yuko ndani, nzi wameanza. Nikashika jembe mwenyewe. Unanijua, mimi ndiye niliyemvuta kiboko mkia pale mtoni Lukuledi mpaka akaomba radhi. Lakini ardhi ya huku pwani ni mawe matupu. Nilifika magotini, mpini ukakatika.

Nikaenda barabarani. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mzee wa kanisa. Kiti umemwachia nani?"

"Tusaidie."

"Nije kama mtani au kama kibarua?"

Karani alikuwa nyuma yangu, nikamwonyesha mzee shimo tu. Basi akaja kama kibarua. Alichimba, hakulala kaburini, hakudai kuku, hakusema neno. Na wewe unajua, kilio chetu hufunguliwa na mtani. Bibi Monika alifukiwa bila mtu kumlia sawasawa, tukatawanyika kama watu waliotoka kumwaga takataka.

Jumapili nilikirudisha kiti. Nikawaambia mkono wangu naushusha. Karani akasema mkono ukishaandikwa haushuki. Nikawauliza lile swali la padre, wakacheka.

Jana nilimpelekea Mzee Saidi jogoo, mkubwa kama mbuzi, njia nzima ameniburuta yeye. Akauliza, "Huyu wa kaburi la nani?"

"La Bibi Monika."

Akamgeuzageuza. "Amechelewa. Hata kufagia bibi yule alikuwa anachelewa hivi hivi." Akacheka, kisha kicheko kikamgeuka akalia, na mimi nikalia, watu wazima wawili na jogoo katikati.

Kwa hiyo mwambie shemeji, Jumapili mikono yake aifunge kwa kamba ya ukindu ikibidi. Karani wao akisema dunia inabadilika, amwulize swali la padre wetu, wala asiogope kuchekwa.

Nisalimie shangazi mfinyanzi, na binamu yetu Kosmasi mpiga kengele. Na Bi Zuhura, mtani wa mama, anayemwita kibogoyo kila asubuhi: mwambie siku ya mama ikifika asikae barabarani. Kuku wake ninamlea mimi mwenyewe.

Ni mimi kaka yako,
Fabiani, aliyekuwa mzee wa kanisa