Mkono wa Kulia wa Mama Savita

Parklands, Nairobi
Jumapili, baada ya ibada

Mama yangu mpendwa,

Nakusalimu nikiwa nimeketi kizingitini mwa chumba chetu, Dorika amelala mapajani, kwa hiyo ukiambiwa mwandiko unapanda na kushuka, ujue ni yeye anajigeuza. Mguu wako umepona? Na yule ng'ombe mweusi amezaa? Sisi tu wazima, Mungu ametutunza. Dorika ameota meno mawili ya chini na anauma kila anayembeba, hata mzee wa kanisa. Mwambie Mwalimu anayekusomea asikimbie. Akifika mahali pa kucheka, akungoje.

Mama, nilikuandikia kwamba mwezi huu ukiisha nitarudi Bunyore pamoja na mtoto. Sababu sikukwambia, sikutaka ulale na mawazo. Chumba hiki ni cha Mama Savita, yule mjane wa Kihindi anayetengeneza achari na kuipeleka kwenye maduka ya mjini. Zakayo alikipata kwa kumlimia bustani alfajiri, kabla hajaenda kufagia kule kwa mpiga chapa, River Road. Mimi niliruhusiwa kukaa msimu wa malimau tu, nitwange pilipili. Msimu ukiisha, chumba kibaki na mtu mmoja. Na siku hizi za Hali ya Hatari, mwanamke akikutwa na askari bila barua ya mwajiri, anapandishwa lori, hata mumewe akilia pale pale. Basi ndivyo ilivyokuwa: ama nipate barua kwa Mama Savita, ama Dorika awe anamwona baba yake Krismasi kwa Krismasi.

Sasa sikiliza jinsi ilivyokuwa.

Mpeleka chupa hajui kusoma. Alikuwa akipeleka ya embe kwa mwenye kutaka ya limau, na kelele zinarudi kwangu. Nikaanza kuchora kwenye karatasi ya kila chupa: hapa limau, hapa embe, hapa pilipili na mkia wake. Ni kazi ya penseli tu, ile ile iliyonifanya nichapwe darasa la tatu kwa kuchora kuku kwenye daftari la hesabu. Kumbe wenye maduka walipenda. Siku moja Mama Savita akaja jikoni na chupa mkononi. Nikafikiri nimekosa.

"Nani nachora hii?"

"Ni mimi, Mama."

Akanitazama kama mtu anayepima kitambaa. Akaniambia kuna mtu mwingine sokoni anauza achari mbaya kwenye chupa kama zake, na watu wanadhani ni yake. Anataka chapa, picha moja ya kubandikwa kwenye kila chupa, ili hata mtoto akitumwa dukani ajue hii ni ya Mama Savita. Alikuwa amekwisha kumlipa mchora vibao mmoja wa mjini, akaletewa ndovu. Akamfukuza. "Ndovu nakula achari?" Akaletewa ua. "Mimi nauza maua?" Akaletewa jua linachomoza, akalitupa jikoni likachomoze humo.

Nikamwambia, "Mama, nikikuchorea ukapenda, utaniandikia barua ya kazi?"

Moyo ulikuwa unanipiga mpaka mtoto mgongoni akaamka. Yeye akasema, "Kwanza chora."

Mama, yule mwanamke hapendezwi upesi. Nilichora chungu. Akasema chungu ni cha maji. Nikachora limau. "Hii yai?" Nikalitia jani. "Yai na jani." Nilichora malimau matatu ndani ya kikapu, nikakesha na mistari ya ukili, nikijua safari hii nimempata. Akatazama sana. Akasema kikapu ni kizuri, lakini yeye hauzi vikapu. Zakayo alikuwa akiniuliza kila jioni, "Leo umefukuzwa na nini?" Nikimwambia, anacheka, halafu anahesabu siku kwa vidole, maana zilikuwa zinakwisha na sote wawili tulijua.

Nikaacha kufikiria vitu, nikaanza kumtazama mwenyewe. Akija mgeni, hamsalimu kwanza. Huchukua kipande cha limau kwa vidole, akamwekea kwenye sahani, akasimama kumwangalia akila. Nikasema ndiyo hiyo. Chapa yake ni mkono wake. Nikachora mkono unaoweka kipande cha limau sahanini, kama vile mtu anavyouona mkono wake mwenyewe ukienda mbele, na bangili mbili.

Nikampelekea. Mama, uso wake ulilainika! Akapitisha kidole kwenye bangili, akahesabu kucha. Mimi nikawa tayari nabeba magunia yangu ya safari rohoni, nayarudisha chumbani. Mara akaweka mkono wake wa kulia juu ya karatasi. Kidole gumba chake huku, kidole gumba cha picha kule.

"Mkono gani hii?"

Nikatazama. Nikatamani sakafu inimeze. Ulikuwa mkono wa kushoto! Ungekuwapo ungenipiga kofi, wewe uliyenifunga huo mkono kwa kitambaa nilipokuwa mdogo ili nisipokee chakula nao. Ni hivi, mkono niliouweka mezani kuutazama ni wangu, na wa kulia ulikuwa umeshika penseli.

"Watu nasema Mama Savita napa wageni chakula na kushoto?" Akaufungua mlango. "Toka. Rudia."

Aliposema rudia ndipo nilipopumua. Nikaigeuza karatasi, nikaibandika kwenye kioo cha dirisha jua likiwa nyuma yake, nikafuata mistari. Mkono ukawa wa kulia. Akaweka wake juu yake, vidole vikakubaliana. Hakusifu. Alisema tu, "Peleka."

Zakayo akaipeleka River Road. Kule yuko Mzee Muia, Mkamba, fundi wa kuchonga vibao vya mti ambavyo mtambo hupiga kwenye karatasi. Zakayo ananiambia hata akikohoa patasi yake haitikisiki. Siku ya tatu akarudi na mchoro wangu pamoja na karatasi ya kwanza, wino bado unanuka. Maandishi MAMA SAVITA yamenyooka kama mistari ya mahindi. Picha nzuri ajabu. Nikaweka mkono wangu juu yake.

Kushoto.

Mama Savita alikuwa amesimama nyuma yangu. Hakupiga kelele, na hapo ndipo nilipoogopa. Sikukuu yao ya taa ilikuwa imekaribia na alikuwa amewaahidi wenye maduka. Akasema, "Wewe fungasha."

Sikufungasha, Mama. Nilimfunga Dorika mgongoni, nikachukua mchoro niliouchora upya dirishani, nikatembea mpaka mjini kwa vichochoro, nisikutane na askari, nikiwaza labda nimelogwa. Mzee Muia alikuwa amekaa juu ya debe, miwani imefungwa kwa uzi.

"Shikamoo, Mzee. Mimi ni mke wa Zakayo. Nilikupa mkono wa kulia, umenirudishia wa kushoto."

"Mimi nilifuata mstari wako, mama Dorika. Sikuongeza, sikupunguza."

"Na maandishi mbona yamekaa sawa?"

"Maandishi nayachonga kinyume. Nisipofanya hivyo, mtambo unayageuza."

"Na picha?"

"Picha naiacha kama ilivyo. Nimechonga ng'ombe miaka mingapi! Akitazama huku ni ng'ombe, akitazama kule ni ng'ombe. Nani amewahi kulalamika?" Kisha akatazama mkono wake mwenyewe, akaugeuza, akautazama na mwingine. "Haki ya Mungu," akasema. "Mkono si ng'ombe."

Tulicheka, Mama, mpaka mwenye mtambo akatuchungulia. Lakini kibao kingine hakikuwapo, na Mzee akasema hawezi kuchonga kinyume picha yenye vidole, atakosea mahali. Mikono yangu ilikuwa bado na mafuta ya haradali ya asubuhi. Nikaipaka karatasi mafuta nyuma na mbele, ikawa kama kioo, mistari inaonekana pande zote. Nikaigeuza uso chini kwenye mgongo wa kibao kile kile. "Sasa fuata mstari wangu," nikamwambia. Akaniangalia juu ya miwani. "Wazazi wako ni wachongaji?" Nikamwambia mama yangu ni mfinyanzi. Akasema, "Sawa. Basi si ajabu."

Akachonga, mimi nikinyonyesha. Saa kumi kasoro robo tukapiga karatasi ya kwanza. Niliweka mkono juu yake, Mzee akaweka wake, Zakayo akaja na ufagio akaweka wake. Kulia.

Nilimkuta Mama Savita verandani. Hakuuliza kwa nini sijafungasha. Aliichukua karatasi, akaweka mkono wake juu yake. "Nani alikosa?" akauliza. Nikasema tulikosa wawili, Mzee Muia hakujua mkono lazima uwe wa kulia, na mimi sikumwambia. Akaendelea kutazama. Akasema kidole gumba ni kinene. Nikasema, "Ni chako, Mama." Akakiangalia chake. Akaingia jikoni, akarudi na bakuli la uji wa ngano, akaliweka mbele yangu.

"Bandika," akasema.

Hilo ndilo neno jema nililopata kwake. Nimebandika chupa mpaka vidole vimekuwa vyeupe. Yule muuza achari mbaya ameanza kubandika ndovu, kwa hiyo sasa tunajua alikokwenda mchora vibao.

Na barua ninayo. Aliiandika juzi kwa mkono wake, kwa Kiingereza. Zakayo aliisoma akiwa amesimama bustanini, akairudia, akakaa chini. Nilidhani ameandika yaya au mtwanga pilipili. Ameandika kwamba kazi ya Rasoa ni kuchora chapa, na kwamba anaishi hapa na mtoto wake. Neno hilo "na mtoto wake", Mama, limeandikwa! Zakayo akasema, "Mimi nimeandikwa mfagiaji, wewe mchoraji. Sasa nani atapika?" Nikamwambia atapika mwenye njaa. Akapika.

Kwa hiyo usimtume mtu kituoni kutupokea, na kile kitanda ulichokuwa umetutandikia mpe nyanya, mgongo wake usiumie chini. Mavuno utayavuna bila mimi, nisamehe. Natamani ungekuwapo kuona watu wakiichukua ile chupa dukani bila kuuliza.

Nisalimie baba, umwambie ile penseli aliyoninunulia haikuwa bure. Nisalimie shangazi mpiga ngoma wa kanisa, mama mkwe wangu na kuku wake wote, na mdogo wangu Elima, asiache shule. Mwalimu anayesoma hapa, asante kwa macho yako.

Mimi binti yako, ninayekaa Nairobi kwa kazi yangu mwenyewe,
Rasoa, mama Dorika